Mwendo Bila Kizuizi: Albamu ya Autobahn ya Kraftwerk Inaposikilizwa Kutoka Dranya

Ikisiri

Makala haya yanahakiki Autobahn, albamu ya muziki wa kielektroniki iliyotolewa na bendi ya Kijerumani ya Kraftwerk mnamo Novemba 1974. Albamu hii imezoea kuhakikiwa kama chimbuko la muziki wa mashine. Makala yanaisoma kwa namna nyingine: kama jaribio la kukirudia kitu ambacho jina lake limetiwa doa na utawala katili, na kukisikiliza upya bila kukitetea wala kukikana. Mahali pa kusikilizia ni Dranya, wilayani Koboko, katika eneo la West Nile nchini Uganda, ambako barabara, jina la mahali na lugha ya Kiswahili yenyewe vimewahi kubebeshwa doa la aina hiyo. Makala yanadai kwamba wimbo mrefu wa upande wa kwanza unafaulu kuisafisha barabara kwa sababu unawaondoa watu wote walio kando yake, na kwamba upande wa pili, ambao wahakiki wengi huupita haraka, ndio unaoirudisha miguu ardhini.

Utangulizi

Uhakiki wa muziki kwa Kiswahili umekuwa, kwa sehemu kubwa, uhakiki wa maneno. Taarabu imechambuliwa kwa mafumbo yake, muziki wa dansi kwa siasa zake, bongofleva kwa maadili yake. Hata Shaaban Robert alipoandika Wasifu wa Siti binti Saad, kilichomshughulisha zaidi ni maisha na hadhi ya mwimbaji. Namna vinanda vilivyosikika katika santuri zilizorekodiwa Bombay kuanzia mwaka 1928 si jambo ambalo msomaji atalipata kwa urefu katika kitabu hicho. Desturi hii ina sababu zake. Fani na maudhui ni vyombo vilivyofuliwa kwa ajili ya fasihi, na mhakiki aliyefunzwa fasihi huanza na kile anachoweza kukinakili kwenye karatasi.

Autobahn inamnyang'anya mhakiki wa namna hiyo kazi yake. Wimbo unaobeba jina la albamu una urefu wa zaidi ya dakika 22 na unajaza upande mzima wa santuri, lakini maneno yake yote yangetosha nyuma ya bahasha. Yanasema kwamba watu wanaendesha gari katika barabara kuu. Kwamba mbele yao kuna bonde pana na jua linamulika. Kwamba barabara ni utepe wa kijivu wenye mistari myeupe na ukingo wa kijani. Kwamba sasa wanafungua redio, na kutoka redioni unasikika wimbo huohuo. Basi. Anayetafuta maudhui katika maneno hayo atarudi mikono mitupu, au ataandika, kama baadhi ya waandishi wa magazeti ya Uingereza na Marekani walivyoandika wakati ule, kwamba hawa ni watu baridi waliogeuka mashine. Baadhi hata walilisikia neno la Kijerumani la kuendesha gari kana kwamba ni neno la Kiingereza la kufurahi, wakadhani Wajerumani wanajaribu kuiga nyimbo za vijana wa pwani ya California.

Kosa hilo la sikio linafundisha kitu. Kila anayesikiliza albamu hii anasikilizia mahali fulani. Vijana weusi wa Detroit na New York waliisikia Kraftwerk kama muziki wao. Mwaka 1982 Afrika Bambaataa alijenga santuri yake ya Planet Rock juu ya mahadhi ya bendi hiyo, na hakuna anayesema leo kwamba alikosea. Kwa hiyo si ukaidi kuuliza albamu hii inasikikaje Dranya.

Jina lililotiwa doa

Wanaoizungumzia Autobahn nje ya Ujerumani mara nyingi husahau kwamba mwaka 1974 neno hilo halikuwa safi. Barabara ya kwanza ya magari pekee ya kuunganisha miji katika nchi hiyo, kati ya Köln na Bonn, ilifunguliwa mwaka 1932 na Konrad Adenauer, aliyekuwa meya wa Köln. Hitler alishika madaraka mwaka uliofuata. Utawala wake uliuchukua mpango wa barabara, ukautangaza kwa picha na filamu kama zawadi ya kiongozi kwa taifa, na vita vilipoanza ukawatumikisha wafungwa na watu walioletwa kwa nguvu katika ujenzi. Adenauer alirudi baada ya vita akiwa kansela wa kwanza wa Ujerumani Magharibi, lakini barabara ilibaki na jina la yule mwingine. Hadi leo, mtu akitaka kuutetea utawala ule kwa neno moja, husema: angalau alijenga barabara.

Ralf Hütter na Florian Schneider, waanzilishi wa Kraftwerk, walizaliwa mara baada ya vita, mmoja 1946, mwingine 1947. Hütter ameeleza katika mahojiano zaidi ya mara moja kwamba kizazi chao kilikuta pengo: utamaduni wa wazazi haukuweza kurithiwa kwa sababu ya yale yaliyotendwa, na utamaduni uliosikika redioni ulikuwa wa Wamarekani na Waingereza. Bendi nyingi za vijana wa Kijerumani zilitatua tatizo hilo kwa kuimba Kiingereza. Kraftwerk walianza kwa kutoimba kabisa. Walipoimba kwa mara ya kwanza kwa urefu wa kutosha kuitwa wimbo, waliimba Kijerumani, na wakachagua kuimba juu ya kitu ambacho Mjerumani mwangalifu angekikwepa.

Hapa ndipo Dranya inapoingia, na si kwa kulazimishwa. Dranya iko wilayani Koboko, wilaya iliyokatwa kutoka Arua mwaka 2005, katika pembe ambako Uganda inakutana na Kongo na Sudan Kusini. Wenyeji wengi wa Koboko ni Wakakwa, watu ambao mipaka ya wakoloni iliwagawa katika nchi zote tatu. Idi Amin alikuwa Mkakwa kwa upande wa baba yake. Alipoangushwa mwaka 1979, doa la utawala wake halikubaki kwake yeye aliyekimbilia ugenini. Lilihamia kwa watu wa West Nile kwa jumla, hata wale ambao hawakuwahi kuvaa gwanda. Mwaka 1980 na miaka iliyofuata, majeshi ya serikali mpya yalilipiza kisasi kwa raia, na watu kwa maelfu walivuka kuingia Zaire na Sudan. Kwa miaka mingi mtu wa Koboko akiwa Kampala alijifunza kupima kama ataje kwao au asitaje.

Na doa hilo liliigusa lugha. Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi na polisi nchini Uganda tangu enzi za ukoloni. Amin akakitangaza kuwa lugha ya taifa kwa amri mwaka 1973, mwaka mmoja kabla ya Autobahn. Hakuna tangazo lililokidhuru Kiswahili cha Uganda kama lile la kukipandisha cheo. Katika kumbukumbu za Waganda wa rika fulani, Kiswahili ni lugha ya kizuizi cha barabarani: sauti inayomwamuru mtu ashuke, atoe kitambulisho, alale chini. Makongamano ya Kiswahili hupenda kulizungumzia suala hili kama suala la sera na mitaala. Ni vyema likasemwa pia kama suala la sikio. Mtu anayesinyaa anaposikia sentensi ya Kiswahili hasinyai kwa sababu ya ngeli za nomino. Anasinyaa kwa sababu ya barabara fulani, siku fulani.

Mwendo na vumi

Msamiati wa kuichambua albamu kama hii si lazima ukopwe wote. Kiswahili kina maneno mawili yanayofaa kuliko istilahi nyingi za kigeni.

La kwanza ni mwendo. Neno hili lina maana ya kwenda, maana ya kasi, maana ya umbali, na hata maana ya tabia ya mtu. Wimbo wa Autobahn hauna habari nyingine zaidi ya mwendo kwa maana hizo zote. Unaanza kwa mlango wa gari kufungwa, injini kuwashwa, honi kupigwa. Kisha sauti ya binadamu iliyopitishwa kwenye vokoda inalitaja jina la barabara, nzito na ya kichuma, na ndipo besi inapoanza kujirudia. Mtu anayengoja jambo litokee atachoka, kwa kuwa hakuna beti zinazoelekea kileleni wala kisa kinachofunguka. Kinachobadilika ni mandhari: mahadhi mapya hujitokeza, hukaa kando ya msikilizaji kwa muda, kisha hubaki nyuma. Katikati ya wimbo magari mengine yanapita, na sauti zao zinapanda zikikaribia na kushuka zikitokomea, kutoka spika moja hadi nyingine. Aliyewahi kusimama kando ya barabara ya Arua saa lori la mizigo la Juba linapopita anaijua sauti hiyo ya kushuka vizuri kuliko mtu aliyekaa ndani ya lori.

La pili ni vumi. Katika ngoma za pwani, chapuo ni ngoma ndogo yenye sauti kali na vumi ni ile kubwa inayonguruma chini yake. Na vumi hilohilo ni mvumo wowote unaoendelea bila kukatika, wa upepo, wa nyuki, wa injini. Kwa Kraftwerk, mpaka kati ya vumi la ngoma na vumi la injini umefutwa. Sintesaiza za Minimoog na ARP Odyssey zinatoa mngurumo ambao ni besi na ni gari kwa wakati mmoja, na juu yake vinagongwa vibao vya umeme ambavyo bendi ilijitengenezea, vikigongwa kwa fimbo za chuma mithili ya chapuo. Jambo hili husahauliwa na wanaodai kwamba muziki huu umemfukuza binadamu. Wolfgang Flür aliligonga gongo lake kwa mkono. Schneider alipuliza filimbi. Klaus Röder alipiga gitaa na zeze la kizungu. Conny Plank, fundi wa sauti, alikaa nyuma ya meza ya kurekodia akiyaunganisha yote. Kinachosikika kama mashine ni watu kadhaa waliokubaliana kupunguza kila mmoja sehemu yake hadi ikawa ndogo kabisa.

Mkataba wa namna hiyo si mgeni West Nile. Waalur na baadhi ya jirani zao wana makundi ya wapuliza agwara, mabaragumu yanayopulizwa kwa ubavuni. Kila mpulizaji ana sauti moja au mbili tu. Akisimama peke yake hana wimbo, ana mlio. Wimbo hupatikana pale wanapopokezana, huyu akinyamaza yule akiingia, kwa wepesi ambao mgeni hawezi kufuata nani amefanya nini. Wimbo huo hauna mwenyewe. Mtu aliyekua akisikia agwara hashangai kuambiwa kwamba kipande kidogo kinachojirudia bila kubadilika kinaweza kuwa kazi ya mtu mzima, wala haoni kwamba kujirudia ni upungufu wa mawazo. Kinachoweza kumshangaza ni jambo jingine: katika agwara, kupokezana huko kunafanywa mbele ya watu, na watu wanacheza wakiwa wamewazunguka wapulizaji, Kraftwerk wanapokezana ndani ya chumba kilichofungwa, na kisha ndani ya gari lililofungwa.

Mfano wa karibu zaidi unaonyesha tofauti hiyo kwa uwazi. Albamu ya Otim Alpha, Gulu City Anthems, iliyotolewa Kampala na Nyege Nyege Tapes mwaka 2017, inachukua larakaraka, ngoma ya harusi na ya uchumba ya Waacholi, na kuipiga kwa kompyuta. Kasi yake ni kubwa, vibuyu vimegeuzwa kuwa milio ya programu, na ala za kundi zima zinatoka katika mashine moja. Lakini mwimbaji bado anawaita watu kwa sauti ya mtu anayewaona. Mashine pale imeshika nafasi ya watu ambao familia haikuweza kuwakusanya wala kuwalipa, na kila mtu harusini anajua ni nafasi ya nani. Kwa Kraftwerk nafasi hiyo haijulikani ni ya nani. Barabara yao haijawahi kuwa na mtu.

Waliopo kando ya barabara

Tazama jalada la albamu, lililochorwa na Emil Schult, ambaye pia alichangia maneno ya wimbo. Jua linatoa miale nyuma ya milima, nyasi ni za kijani kibichi, Mercedes nyeusi inakuja na Volkswagen nyeupe inakwenda. Ni mchoro mzuri, wenye kejeli kidogo kwa wanaotaka kuiona: unafanana mno na mabango ya utalii, na mabango ya utalii ya Ujerumani yalikuwa na babu zake wa miaka ya 1930. Hakuna mtembea kwa miguu. Hakuna nyumba, mbuzi, mwanamke mwenye beseni la ndizi, mtoto anayepunga mkono. Si kosa la mchoraji. Barabara ya aina hii kisheria haimruhusu mtembea kwa miguu. Haina makutano wala vituo vya kusimamishwa. Ndiyo maana ya neno lenyewe.

Hapo pana siri ya kufaulu kwa wimbo huu na udhaifu wake pamoja. Kraftwerk hawakuiosha barabara kwa kutubu. Hakuna sauti inayotaja wafungwa walioijenga. Hawakuiosha kwa kujisifu pia, hakuna bendera. Waliiosha kwa kuirudisha katika mambo ya kawaida kabisa: mlango, injini, redio, jua usoni, mistari inayopita. Walikataa kumwachia Hitler mistari myeupe. Kuna ushujaa wa kimyakimya katika uamuzi huo, na anayetoka mahali ambapo kila kitu cha kwao hutajwa pamoja na jina la dikteta ataupokea kwa haraka kuliko mhakiki wa London. Kwamba barabara ya Koboko ni barabara tu, yenye vumbi wakati wa kiangazi. Kwamba Kiswahili ni njia tu ya kuuliza bei ya samaki: hayo ni madai makubwa kwa mtu ambaye amenyimwa ukawaida.

Lakini ukawaida huu umepatikana kwa bei fulani. Waswahili husema msafiri kafiri, yaani aliye safarini amejitoa katika wajibu wa mji wake na wa mji anaopitia. Msafiri wa Autobahn ni huyo hasa. Anapita bondeni bila kujua bonde linaitwaje. Anafungua redio na redio inamwimbia wimbo wake mwenyewe, si habari, si sauti ya mtu wa mahali anapopita. Wahakiki wamesifu mzunguko huo wa redio kama ubunifu wa kimuundo, na ni kweli ni ubunifu. Ukisikilizwa kutoka ukingoni, hata hivyo, ni picha ya mtu aliyefunga vioo.

Barabara inayotoka Vurra, mpakani na Kongo, kupita Arua na Koboko hadi Oraba, mpakani na Sudan Kusini, ina urefu wa kilomita 92. Iliwekwa lami katika muongo wa 2010. Kwa dereva wa mzigo wa Juba, lami hiyo ilikaribia kuwa autobahn: saa zilizokuwa zikipotea matopeni zilirudi mkononi. Kwa anayeishi kando yake, barabara imebaki kuwa mahali. Watu huuzia pale, hungojea pale, husalimiana pale. Bodaboda hukusanyika kwenye njia panda, na mazungumzo huhama kutoka Kikakwa kwenda Kilugbara, kwenda Kilingala cha wafanyabiashara wa Ariwara, kwenda Kiarabu cha Juba, kwenda Kiswahili, kulingana na aliyeshuka. Barabara hiyohiyo ilikuwa na vizuizi miaka ambayo watu wa rika la Hütter na Schneider, huku West Nile, walikuwa na umri wa kuwa na watoto wa kuwabeba. Wengi wao waliikwepa usiku na kupita porini, kwa sababu kwao barabara ilikuwa hatari kuliko msitu.

Kiswahili kina mchezo wake hapa, na ni vigumu kuupita bila kuutaja: barabara, mkazo ukisogezwa silabi moja nyuma, huwa ni sawasawa, kwa usahihi, kama inavyotakiwa. Wimbo wa Kraftwerk unaamini kwamba maneno hayo mawili ni moja. Msikilizaji wa Dranya anaweza kuutamani ulimwengu ambamo ni moja, dakika 22 mfululizo bila mtu kumsimamisha, bila kuulizwa atokako. Kutamani huko si kitu kidogo. Huenda hakuna muziki mwingine wa miaka ile unaompa mtu mwendo usio na kizuizi kwa ukamilifu namna hii. Ila anayeutamani anajua pia kwamba angekuwa ndani ya gari ambalo halikupungua mwendo lilipopita kwao.

Wapo watakaosema kwamba ni uonevu kuidai bendi ya Düsseldorf watu ambao haikuwajua. Dai lenyewe halihusu Waafrika. Linahusu watu waliokuwa kando ya barabara ya Ujerumani, ambao bendi iliwajua, au wazazi wao waliwajua. Ukosefu wao katika wimbo hauanzi Dranya. Dranya ni mahali tu ambapo ukosefu huo unasikika kwa urahisi.

Upande wa pili wa santuri

Uhakiki mwingi wa albamu hii huishia santuri inapogeuzwa. Mafanikio ya biashara yalichangia: wimbo mrefu ulikatwa hadi dakika chache kwa ajili ya redio za Marekani, ukapanda katika chati za 1975, na upande wa pili ukabaki kama kijazio. Anayesikiliza kwa wakati wa sasa, akichagua wimbo mmojammoja kwenye simu, huenda asijue kwamba upande huo upo.

Upo, na una safari yake. Vipande viwili vya kwanza, vyenye jina la mahadhi ya kimondo, vilitungwa baada ya kimondo cha Kohoutek kilichotangazwa sana mwishoni mwa 1973 na kisha kuonekana hafifu. Cha kwanza ni kizito na cha polepole, kama kitu kikubwa kinachosogea mbali. Cha pili ni chepesi na cheupe, na kwa kusema kweli ni kipande ambacho kingeweza kufupishwa bila hasara. Kisha unakuja usiku wa manane, Mitternacht, wenye matone na milio inayoteleza. Hiki ndicho kipande pekee katika albamu chenye hofu. Gari limetoweka. Mtu yuko mahali, gizani, na kuna vitu vinavyosogea ambavyo haviko katika amri yake. Kipande hiki hakidumu dakika nne, na mtu akikitoa katika orodha ya nyimbo na kukisikiliza peke yake atakiona kama mapambo ya sauti. Kikisikilizwa baada ya zile dakika 22 za jua, kinakuwa jambo ambalo wimbo ule ulikimbia. Makala haya hayadai kwamba Kraftwerk walikusudia usiku huo uwe usiku wa wazazi wao. Yanadai tu kwamba ndani ya albamu iliyotengenezwa na Wajerumani wa umri ule, juu ya barabara ile, usiku uliowekwa hapo hauwezi kuwa wa saa tu.

Kinachofuata ni Morgenspaziergang, matembezi ya asubuhi. Jina lenyewe linapaswa kumsimamisha mhakiki: albamu iitwayo kwa jina la barabara isiyoruhusu mtu kutembea inamalizika kwa mtu anayetembea. Kunasikika ndege, lakini ni ndege wa sintesaiza, wameigwa kwa mkono wa fundi, na maji ya namna hiyohiyo. Hakuna ngoma. Vumi limekatika. Ndipo filimbi inaingia, ala ya pumzi ya mtu, ikifuatwa na piano, kwa wimbo mdogo ambao mtoto angeweza kuushika. Wapo wanaowacheka ndege hawa kwa kuwa si wa kweli. Heri wangeulizwa kwa nini watu wenye vinasa sauti, waliorekodi mlango wa gari halisi upande wa kwanza, hawakwenda tu nje alfajiri kuwanasa ndege halisi. Gari lilinaswa, ndege walilazimika kutengenezwa. Asubuhi haikuwepo tayari ikingoja kurekodiwa.

Walionasa sauti katika kambi na masoko ya mpakani, na wazee waliorudi Koboko kutoka Zaire na Sudan katika miaka ya 1980 wakakuta vichaka mahali pa nyumba, hawahitaji kufafanuliwa hali ya kuiga sauti ya mahali hadi mahali pawepo tena. Kiswahili kinachozungumzwa leo kati ya Arua na Oraba kiko katika kazi hiyohiyo. Hakisemwi kwa amri ya 1973, wala hakikungoja mtaala. Kinasemwa na wauza mihogo na wapakia mizigo, kwa ngeli ambazo mwalimu angezisahihisha, kwa maneno ya Kilingala na Kiarabu yaliyochomekwa bila kuomba radhi. Ni Kiswahili cha kwenda kwa miguu.

Morgenspaziergang ina dakika nne tu, dhidi ya zaidi ya ishirini na mbili za barabara. Uwiano huo ni hukumu dhidi ya albamu, na bendi haikuusahihisha baadaye: kazi zilizofuata zilikwenda kwenye redio, reli, roboti na kompyuta, na filimbi ya Schneider haikusikika tena kwa namna ile. Mtembeaji wa asubuhi aliachwa pale mwishoni mwa upande wa pili, akiwa na ndege wake wa kutengenezwa, mbele ya mtu yeyote atakayekubali kuigeuza santuri.